Yaliyotokea Nyamabuye Siku ya Gulio

Kijiji cha Rubuhira,
Kwa mkono wa Shule ya Msingi Rubuhira,
Kibondo.
21 Septemba, 1998.

Mpendwa mdogo wangu Claudine,

Amahoro, mdogo wangu. Hamjambo huko Urambo? Shemeji Pasikali anaendeleaje na kifua chake, au bado anakohoa kila anapoingia kwenye mabani ya kukaushia tumbaku? Watoto je? Ndayikeza ameshaanza kusimama? Nimeota mara mbili nambeba, na mara zote mbili alikuwa mzito kuliko umri wake, nikasema Imana ashukuriwe, mtoto anakula.

Sisi huku tunaamka. Mvua bado, maharage yaliungua shambani. Mama mkubwa wa Buhigwe aliumwa miguu mwezi mzima, sasa anatembea mwenyewe mpaka kanisani na anarudi akigombana na watu njiani, kwa hiyo amepona.

Mwandiko usikushtue. Mkono wangu wa kulia umevunjika chini ya kiwiko, umefungwa ubao, naandika kwa kushoto. Hata huo wa kulia unajua ulikuwa mwandiko wa kisomo cha watu wazima. Kwa hiyo naandika kidogo, napumzika, naendelea. Ukiona wino umebadilika ujue ni siku nyingine.

Barua yako aliniletea dereva wa lori la chumvi. Nimeisoma mara tatu. Umeuliza kama ni kweli nimeua mtu. Tena umenisihi ninyamaze mahakamani, kwa sababu Kipriani ni mdogo wa marehemu mume wangu na ni binamu wa mume wako, na kwa sababu watu wakianza kuchimba watafika mpaka kwetu sisi wawili, waulize tulivuka lini kutoka Burundi na karatasi zetu ziko wapi. Nimekuelewa, Claudine. Sikukasirika. Mwaka ule wa sabini na mbili wewe ulikuwa mgongoni kwa mama na mimi nilikuwa natembea, kwa hiyo hofu yako naijua tangu haijakuwa yako. Lakini wewe umesikia kwa watu. Mimi nilikuwepo. Nisikilize kwanza.

Unajua kwamba mume wangu Evaristi alipofariki nilichukua nafasi yake mtoni. Wanaume walicheka. Mwanamke na mshipi wa samaki wapi na wapi? Aliyenisaidia ni mzee Leonidasi. Alinifundisha kufunga ndoana, kukata sabuni vipande vya chambo, kukaa kimya juu ya jiwe mpaka kambare aamue mwenyewe. Pale Nyamabuye mto wa Malagarasi una kilindi kirefu, na kiangazi samaki wote wanakusanyika humo. Bwana Samaki wa wilaya alisimika ubao: hakuna nyavu, hakuna kufunga chombo, ni ndoana tu, kwa sababu ndipo samaki wanapozalia. Tulikuwa wanaume kumi na mmoja na mimi. Mwenyekiti wetu alikuwa shemeji Kipriani. Chumvi, sabuni, daftari za watoto, vyote vilitoka kwenye kilindi kile.

Baada ya zile mvua za El Nino, maji yalipoanza kushuka, zikaja nyumba za majini. Hujawahi kuona kitu kama hicho. Mitumbwi miwili inaunganishwa kwa mbao, juu yake inajengwa nyumba ya matete, inaezekwa turubai. Kuku wamo, jiko limo, chanja la kukaushia samaki limo. Zilikuwa saba. Walizifunga kwenye miti ya ng'ambo zote mbili kwa kamba zinazopita chini ya maji, katikati ya kilindi chetu. Ule ubao wa Bwana Samaki waliung'oa wakaufanya mlango.

Wengi walikuwa Wakongo kutoka upande wa Uvira, na Warundi wachache. Tangu ilipotoka amri kwamba kila mkimbizi aliye nje aingie kambini, wenzao walipakiwa kwenye malori wakapelekwa Nyarugusu na kwingine. Hawa hawakutaka. Mkubwa wao, fundi wa mitumbwi aitwaye Polycarpe, aliniambia siku ya kwanza nilipomuuliza kwa nini hawajengi nchi kavu kama watu: "Mama, kila udongo iko na mwenyekiti yake. Mayi haina mwenyekiti."

Maneno mazuri. Mimi nilimtukana. Sitakudanganya kwamba niliwahurumia. Niliwachukia, Claudine. Ndoana zangu nne zilinasa kwenye kamba zao wiki moja tu. Nyavu zao zilikuwa na matundu madogo, zinachota mpaka vifaranga vya samaki. Kabla ya Pasaka nilikuwa narudi na kambare watatu. Baada ya Pasaka narudi na magamba tu, yaliyomwagwa na maji yao ya kuoshea vyombo.

Ndoana ya tano iliponasa niliingia majini na panga, nikaikata kamba. Nyumba ikazunguka, sufuria zikaanguka. Akatoka mke wa Polycarpe, Reine, mwanamke mrefu mwenye mabega kama ya mbeba mizigo. "Weye mama, acha kamba yangu!" Nikaendelea. Akaruka na upondo wake, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, akanipiga nao mdomoni. Meno yangu mawili ya mbele yako humo mtoni mpaka leo. Nikamvuta kwa nywele, tukaenda chini wote wawili, na huko chini nikamng'ata sikio. Nilisikia nyama ikitoka. Polycarpe ndiye aliyetutenganisha, sote tunatema damu na maji.

Tangu siku hiyo akawa ananiita Mama wa Jiwe. Nilikuwa nikifika tu pale kwenye jiwe alilokuwa akivulia Evaristi, anapaza sauti kutoka mlangoni kwake: "Mama wa Jiwe ameamka! Fungeni masikio!" Wenzake wanacheka. Mimi namrushia jiwe, naye ananimwagia ukoko wa ugali. Mara mbili tena tulishikana, mara moja kwenye matope mpaka watu wa barabarani wakasimamisha baiskeli kutazama.

Tulishtaki. Mtendaji wa kijiji aliandika barua. Bwana Samaki alikuja na mgambo watatu, akawapa siku kumi na nne. Wakazifungua nyumba, wakapanda nazo juu mpaka kwenye kona ya mto, na siku aliyoondoka wakateremka. Akaja tena mwezi wa saba. Ikawa vilevile.

(Leo ni Jumatano. Jana mkono ulivimba.)

Mwezi wa saba ndipo ubaya wenyewe ulipoanza. Mmoja wetu alirusha mshipi wenye risasi nzito ya kuzamishia na ndoana kubwa tatu, akaurusha makusudi kuelekea nyumba ya pili, ukamnasa kijana mmoja mkubwa, Destin, shavuni. Halafu akavuta. Nasema akavuta, Claudine, kama anavyovutwa kambare. Destin alikuja majini akipiga kelele na shavu limefunguka mpaka meno yanaonekana. Wenzangu walishangilia. Mimi sikushangilia, lakini sikunyanyuka pia.

Kesho yake chanja za Kipriani zilichomwa moto pamoja na samaki wake wote. Siku ya tatu tukawapiga kwa mawe, wakatupiga kwa manati. Mtu mmoja wa kwetu alipoteza jicho. Mbuzi wao alikatwa miguu akaachwa hai kwenye mchanga. Ikawa hakuna anayevua tena, kila mtu anaenda mtoni na rungu.

Halafu wakampata mzee Leonidasi. Alikuwa peke yake, saa za asubuhi, anatafuta mtego wake wa kamba uliochukuliwa na maji. Sijui nani alianza. Wao wanasema yeye alirusha panga kwanza. Ninachojua ni kwamba tulimkuta amelala kifudifudi kwenye matete, fuvu limebonyea upande mmoja kama chungu kilichogongwa, bado anapumua. Tulimbeba kwa machela mpaka Kibondo hospitali. Alikaa siku tatu bila kufungua macho. Mimi nilikuwa nimeshika mguu wake alipokata roho.

Mtu aliyenifundisha kufunga ndoana! Nililia mpaka sauti ikaondoka. Na baada ya kilio, kilichobaki kilikuwa kitu kikavu, kigumu, na hicho ndicho nilichokwenda nacho kwenye mazishi.

Baada ya kuzika, Kipriani alituita nyuma ya nyumba ya marehemu. Alisema polisi wako mbali na Bwana Samaki ni barua tupu. Alisema Alhamisi ni siku ya gulio, wanaume wa majini wote wanakwenda kuuza samaki, wanabaki wanawake na wazee, nyumba zichomwe mchana kweupe, wakirudi wasikute pa kulala, watakwenda wenyewe kambini. "Hatuui mtu," alisema. "Tunachoma matete." Akauliza nani yuko pamoja naye.

Nilinyoosha mkono. Nataka ulijue hili kutoka kwangu, usije ukalisikia kwa mwingine. Nilinyoosha mkono wa kwanza kabisa, kabla ya wanaume. Na aliposema nani atabeba mafuta ya taa bila watu kushuku, nilisema mimi, kwa sababu mwanamke mwenye dumu kichwani haulizwi.

Alhamisi ile, tarehe tatu, jua lilikuwa kali. Nililibeba dumu kutoka dukani mpaka mtoni, nikakutana na mwalimu wa dini, Havyarimana, akanisalimu, nikamwitikia. Nilipofika wanaume walikuwa zaidi ya ishirini. Wengine sikuwajua. Walikuwa na mapanga, marungu, na manyasi makavu wameyafunga kwenye ncha za pondo. Kipriani akachukua dumu, akamwagia manyasi, akawasha.

Nyumba ya kwanza iliwaka kabla hata hawajaigusa vizuri. Matete yalikuwa makavu tangu mwezi wa tano. Turubai likawa linayeyuka, linadondoka vipande vya moto juu ya maji, vinazima na kutoa sauti kama mafuta kwenye kikaango. Kuku waliruka wakiwaka. Wanawake walijitupa majini na watoto migongoni, na baadhi ya wenzetu, wale niliosema siwajui, wakawa wanawangoja pale maji yanapofika kiunoni na kuwapiga kwa marungu wanapotoka. Nilimwona mama mmoja akipigwa kwenye mkono aliomshikia mtoto mpaka mtoto akaanguka majini, akamchukua kwa mkono mwingine. Hapo nilianza kusema, "Kipriani, ulisema matete." Hakunisikia au alijifanya.

Nilikuwa nimesimama majini karibu na nyumba ya tatu. Ni nyumba ya Polycarpe. Moto ulikuwa umeshashika paa. Ndani niliona Reine, ameinama, anavuta kitu sakafuni. Alikuwa mkwe wake, mama yake Polycarpe, bibi Therese, kizee ambaye miguu yake haifanyi kazi. Alikuwa amemkamata kwapani na anashindwa kumpitisha mlangoni, kwa sababu bibi ni mzito na miguu imenasa kwenye mbao.

Reine alinyanyua uso akaniona. Nilikuwa na panga mkononi. Nilitegemea atanitukana au ataniomba. Hakufanya hata moja. Alisema kwa haraka, kama unavyomwambia mtu mnayebeba naye gunia, "Mama wa Jiwe, kamata miguu!"

Nikakamata miguu. Sikuwaza, Claudine. Watu wananisifu sasa hivi, akiwemo mwalimu wa dini, kwamba Roho alinigusa. Sijui. Niliambiwa kamata, nikakamata. Nililichomeka panga kiunoni, nikapanda, nikaikwamua miguu ya bibi, tukamtoa. Paa liliangukia pale alipokuwa amelala. Nywele zangu za mbele ziliungua, mpaka leo hazijaota vizuri.

Tuliingia majini na bibi katikati yetu. Maji yalitufika kifuani. Kipriani akaja kwa mtumbwi, amesimama, ana upondo wenye ncha nyeusi ya moto. "Shemeji, toka hapo," aliniambia. Nikamwambia, "Huyu ni kizee." Akasema, "Leonidasi naye alikuwa mzee. Toka!" Reine akamtukana kwa kikwao. Kipriani akanyanyua upondo. Nikaweka mkono, ndio huu uliovunjika. Niliusikia mfupa kabla sijasikia maumivu. Pigo la pili halikuwa langu. Lilimpata Reine juu ya sikio, lile lile nililoling'ata, na akaenda chini bila hata kufumba macho.

Kipriani akashika ukingo wa mtumbwi ili ajiweke sawa apige tena. Nikachomoa panga kwa mkono wa kushoto nikalishusha juu ya vidole vyake. Vitatu vilibaki ndani ya mtumbwi. Umeniuliza kama nimeua mtu. Sikuua, lakini nilikata, na nilikata kwa nguvu zangu zote. Sisemi kwamba najuta na sisemi kwamba sijuti. Alipiga ukelele, akaanguka upande wa pili, wenzake wakamvuta.

Reine sikumwona tena. Panga nilikuwa nimelirudisha kiunoni, mkono mzima ni mmoja, na huo ulikuwa umemshika bibi kwa kitambaa cha kifuani. Nilipapasa kwa miguu chini ya maji. Niligusa kitu laini mara moja, nikajaribu kukivuta kwa vidole vya miguu, kikateleza. Ingebidi nimwachie bibi. Sikumwachia. Hilo ndilo linalonifanya nisilale, wala si vidole vya Kipriani.

Nilimburuta bibi mpaka kwenye matete, nikamlaza, nikamfunika kitenge changu. Nyumba zote saba zilikuwa zinawaka. Kamba zilipoungua, zikaanza kuondoka moja moja na mkondo, zinakwenda zinawaka kuelekea darajani. Wenzangu walikimbia. Hakubaki mtu wa ndoana hata mmoja.

Saa tisa hivi wanaume wa majini walirudi kutoka gulioni. Walikuwa wameuona moshi. Polycarpe alikuja anakimbia, bado ana fungu la chumvi begani. Alimwona mama yake, akapiga magoti, akampapasa kichwa na mikono. Kisha akaniangalia mimi na panga langu lenye damu.

"Bibi yangu iko wapi?" Kwao bibi ni mke.

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia alipigwa, amezama, sikuweza kumshika. Nikamwambia na nani aliyebeba mafuta. Sijui kwa nini nilimwambia hilo pale pale, lakini nilimwambia.

Alinipiga ngumi moja, usoni, nikaanguka chali. Kisha akachukua panga langu, akaliweka shingoni pangu. Sikusogea. Nilisikia ubavu wa panga bado una joto la jua. Bibi Therese akasema neno kwa lugha yao, sauti ndogo tu, na Polycarpe akalitupa panga mtoni, akaingia majini na nguo zake kumtafuta mke wake. Alipiga mbizi mpaka giza likaingia. Walimpata Reine asubuhi yake kwenye nguzo za daraja. Tulimzika tukiwa watu tisa, Havyarimana akasoma.

(Ijumaa. Nimeazima kalamu kwa mwalimu.)

Polisi walikuja na lori, wakakamata watu kumi na wanne. Kipriani yuko hospitali chini ya ulinzi. Wale wa majini wote walipelekwa Nyarugusu, Polycarpe pia. Bibi Therese hakuweza kupanda lori, mgongo ulikuwa umeungua, kwa hiyo yuko hapa kwangu, kwenye kitanda cha Evaristi. Wiki ijayo gari la wagonjwa la kambini litakuja kumchukua. Hatuelewani sana kwa maneno. Nikimlisha kwa kushoto uji unamwagika, ananigombeza kwa kikwao, na mimi namjibu kwa Kiha.

Wazee watatu wa ukoo walikuja Jumapili iliyofuata. Walikaa, wakanywa maji, wakasema kwa upole. Niseme kwamba Reine ndiye aliyeshambulia kwanza na upondo, na kwamba Kipriani alikatwa na watu wa majini. "Wewe ni mgeni tuliyekuoa tukakupa jina," alisema mkubwa wao. "Ukisema vingine, shamba la Evaristi litarudi kwa wenyewe, na wewe utarudi ulikotoka. Wanajeshi bado wanakusanya watu."

Niliwajibu nitafikiri. Nilifikiri siku mbili. Siku ya tatu nilitembea mpaka barabarani nikapanda lori, nikaenda polisi Kibondo kutoa maelezo.

Askari aliyeandika alikuwa mtu wa heshima. Nilimweleza yote kuhusu Kipriani, ule upondo, na Reine. Akauliza, "Na wewe, mama, ulikuwa unafanya nini pale mtoni?"

"Nilibeba mafuta ya taa."

Akaweka kalamu mezani. Akaniambia taratibu kwamba mimi ni shahidi, nimeumia, nimeokoa mtu, si lazima kusema hilo. Nikamwambia, "Umeniuliza, baba. Andika." Akaandika. Nikatia sahihi, imepinda kama mnyoo. Kwa hiyo sasa mimi ni shahidi na mimi ni mshtakiwa wa kumi na tano. Havyarimana alinidhamini, nimerudi nyumbani.

Niliporudi nilikuta mihogo yote imeng'olewa, hata ile ya miezi mitatu, na mbuzi wangu jike aliyekuwa na mimba amepasuliwa tumbo akatupwa mlangoni. Sikupiga yowe. Nilimchuna kwa mkono mmoja, bibi akishika ngozi. Nyama tuliikausha.

Jambo moja zaidi. Juzi nilituma salamu kwa Polycarpe kupitia mtu anayefanya kazi kambini. Nilimwomba msamaha, kwa maneno machache kama nilivyoweza. Jibu lilirudi jana: "Mwambie yule mama, pardon ni ya Mungu. Miye, bado." Nimelipokea. Sitamtumia mtu tena kumsumbua. Mama yake atamfikia amepona mgongo, na atamkuta ameogeshwa, basi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, jibu langu ni kwamba sitanyamaza, nimeshasema. Najua nimekuweka pabaya. Kama shemeji Pasikali atakuuliza, mwambie dada yako ana kichwa kigumu tangu utotoni, ulijaribu ukashindwa. Kuhusu karatasi zetu, mimi sitakutaja popote. Wakiniuliza nilivuka na nani, nitasema nilivuka na mama, na mama amekufa.

Ombi langu ni hili, wala si la fedha wala la shamba. Kesi inasomwa Jumanne, tarehe sita Oktoba, Kibondo. Ukoo wa Kipriani utajaa upande mmoja wa chumba, na watu wa majini, kama wataruhusiwa kutoka kambini, watakaa upande wa pili, na wote hao wana haki ya kunichukia. Usitume wazee kunisihi. Njoo mwenyewe kama nauli na mume vitakuruhusu. Kaa upande wowote, hata kwao Kipriani, sitakulaumu. Ila ukae mahali nitakapokuona.

Nisalimie Pasikali, mwambie asinichukie kabla hajanisikia. Wasalimie Fidele na Ndayikunda, na umbusu Ndayikeza kwenye visigino vyote viwili. Mama mkubwa wa Buhigwe anakusalimu, na bibi Therese, ambaye hakujui, anauliza unaandikiwa nini kirefu hivi, nami nimemwambia nakusalimu kwa niaba yake pia.

Mungu aliyetuvusha maji yale ya kwanza akulinde, akupe usingizi mimi nisioupata, na nyumba yako isikose moto wa jikoni.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja, nikupendaye siku zote,

Kezia